Jinsi ya kutengeneza dawa ya chunusi kwa mafuta ya majani, kwa sisi wa Mwanza na kanda ya ziwa

Wadau, mimea yenye mafuta ya kunukia huku kwetu haituishii, mchaichai umejaa kwenye maua ya nyumba za watu kuanzia Buhongwa mpaka Igombe, kivumbasi kinaota chenyewe kwenye mashamba ya Misungwi na Magu, mikaratusi ndo usiseme. Alafu vijana wetu wenye chunusi wanapaka limao bichi na dawa ya meno, au wanaingia mtaani kununua mkorogo kwenye kikopo kisicho na lebo. Inaniuma sana, kwaio nimeona niandike safari nzima kutoka kwenye jani mpaka kwenye jeli ambayo mtu anaweza kupaka usoni bila kujutia.

Na hili naliweka mwanzo kabisa maana yote yanayofuata yamesimama hapa: mafuta haya yanakuwa dawa kwa kipimo na kwa kile ulichoyachanganyia, ukali wa harufu hausaidii kitu na kuwasha sio dalili kwamba dawa inafanya kazi. Ngozi yetu nyeusi ukiiunguza inaacha doa, kipele kingeondoka ndani ya wiki au mbili lakini lile doa linaweza kukaa miezi na miezi. Kwaio kila hatua anza kujiuliza hiki kitamuwasha mtu? ndo baadae uulize kitaua bakteria?

Kwanza ujue unapambana na nini

Chunusi zinatokana na mambo manne yanayoshikana. Homoni (hasa za balehe) zinachochea tezi za mafuta kwenye ngozi, seli zilizokufa zinaziba kitundu cha kinyweleo, humo ndani bakteria anayeitwa Cutibacterium acnes anazaliana kwa raha kwasababu hapendi hewa ya oksijeni, na mwisho mwili unajibu kwa kuvimba na usaha. Huyo bakteria ukimkuta kwenye vitabu vya zamani anaitwa Propionibacterium acnes, ni yule yule, jina lilibadilishwa 2016. Na anaishi hata kwenye ngozi safi isiyo na chunusi, kwaio lengo ni kumpunguza tu, kumaliza kabisa haiwezekani.

Mafuta ya kunukia yanasaidia kwenye bakteria na kidogo kwenye uvimbe, na uzuri wake yanayeyuka kwenye mafuta ya ngozi kwaio yanaweza kupenya mle kwenye kitundu. Homoni hayazigusi. Maana yake unatengeneza kitu cha mtu mwenye chunusi ndogo hadi za wastani. Mwenye mavimbe makubwa yenye maumivu yanayoacha makovu, huyo mpeleke kliniki ya ngozi Bugando au Sekou Toure mapema, usimcheleweshe na jeli yako, makovu hayarudi nyuma.

Alafu kagua kama kweli ni chunusi za kawaida. Mtu aliyepaka cream zenye steroidi (dawa kali za kushusha uvimbe wa ngozi) kama clobetasol au betamethasone kwa muda mrefu anatokwa na vipele vinavyofanana vyote, vimeenea uso mzima, na ngozi imekuwa nyembamba. Huyo anahitaji daktari wa kumsaidia kuachana na ile cream. Na zile za kujichubua zingine zina zebaki, zebaki ile ile ambayo ndugu zetu wa machimbo ya Geita wanakamatia dhahabu, hebu fikiria mtu anaipaka usoni kila siku asubuhi na jioni.

Hatua ya 1: chagua mafuta

Yenye ushahidi mkubwa kuliko yote ni ya tea tree, mti wa Australia, jina la kitaalamu Melaleuca alternifolia. Mwaka 1990 huko huko Australia walichukua wagonjwa 124, wengine wakapewa jeli ya tea tree 5% wengine losheni ya benzoili peroksaidi 5% (dawa ya kawaida ya chunusi), chunusi zikapungua pande zote mbili, tea tree ilichelewa kidogo kuonyesha matokeo ila iliwasumbua watu ngozi kidogo zaidi. Mwaka 2007 Iran wakajaribu jeli ya 5% kwa watu 60 wakilinganisha na jeli tupu isiyo na dawa, siku 45, iliyo na tea tree ikashinda wazi. Kwaio kama unaanza leo na unataka kitu cha uhakika, nunua tea tree nzuri ndo ujifunzie, ya kwetu utafanyia kazi ukishajua mikono yako inafanya nini.

Tatizo ni kwamba tea tree feki zipo nyingi, unauziwa mkaratusi uliobadilishiwa jina. Mdai muuzaji cheti cha uchambuzi, humo angalia terpinen-4-ol iwe 35% kwenda juu (hiyo ndo inayopiga bakteria) na sineoli (kemikali kuu ya mkaratusi) iwe chini ya 10%. Ukifungua chupa ikakupiga harufu kali ya dawa ya mafua moja kwa moja, shuku mkaratusi. Hana cheti? Mshukuru uondoke.

Sasa ya kwetu. Kivumbasi ndo ninachokipenda kuliko yote, Ocimum gratissimum, kile ambacho wazee wanachoma jioni kufukuza mbu. Watafiti wa Nigeria, Ile-Ife, walishakijaribu kwenye chunusi miaka ya mwanzo ya 2000 na kwa 2% kwenye msingi (kile unachochanganyia mafuta) unaochanganyika na maji kilifanya vizuri sana, walipopandisha hadi 5% kikaanza kuwasha watu. Hapo wengi wanakurupuka wanasema haya basi nami naweka 2%. Subiri kwanza. Kivumbasi ni mmea mmoja wenye mafuta tofauti tofauti, kuna kilichojaa kemikali ya timoli na kuna kilichojaa ya eujenoli, inategemea mbegu na mahali kilipoota, na huku Afrika Mashariki cha eujenoli kipo sana. Eujenoli ndo ile ile ya karafuu, na watu wa usalama wa ngozi wanashauri isizidi 0.5% kwenye kitu cha kupaka na kukiacha kwenye ngozi. Sasa piga hesabu, kama mafuta yako yana eujenoli 60% ukaweka 2% ya mafuta, tayari una eujenoli 1.2%, zaidi ya mara mbili ya inayoruhusiwa! Kwa mafuta hayo mwisho wako ni kama 0.8%. Ndo maana bila kupima mafuta ya shamba lako mwenyewe huwezi kunakili kipimo cha mtu wa nchi nyingine.

Mchaichai una sitrali nyingi (kemikali yenye harufu ya limao), mara nyingi 65 mpaka 85%, unaua bakteria vizuri kwenye sahani ya maabara lakini sitrali inaweza kumfanya mtu apate mzio wa kudumu, kwaio usivuke 0.7%. Karafuu ya Pemba ni hodari lakini kwa uso mi naiacha, ukali wake hauna faida ya kutosha kwa hatari yake. Mkaratusi kwa chunusi ni dhaifu, ubaki kwenye kifua. Limao na ndimu za Ukerewe tunazipenda kwenye sato, usoni hapana: mafuta yanayokamuliwa kwenye ganda yana kemikali ambazo zikikutana na jua zinaunguza ngozi, na jua la huku tunalijua. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hilo wala lisijadiliwe, na hata bidhaa nyingine yoyote ya mafuta haya wao waanzie kwa daktari.

Mwarobaini je? Mafuta yake yanakamuliwa kwenye mbegu, ni kundi lingine kabisa, mwongozo huu hauyahusu.

Hatua ya 2: kutoa mafuta kwa mvuke

Kama unanunua mafuta ruka hapa.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, na kama mvua imenyesha jana subiri siku moja mbili kavu. Acha majani yanyauke kivulini nusu siku hadi siku moja, jua linakula mafuta. Mtambo uwe wa chuma kisichoshika kutu au shaba, mafundi wa kuchomelea Nyakato kwenye eneo la SIDO (shirika la viwanda vidogo) wanaweza kukutengenezea ukiwapa mchoro: pipa la chini la maji, chekecheke katikati ili majani yasiguse maji, kifuniko, bomba linalopita kwenye pipa la maji baridi, na chombo cha kukingia. Usitumie mabati wala mabomba ya plastiki, mafuta yanakula plastiki na yanabeba uchafu wake. Na tafadhali usifanye kwa presha kuka ya jikoni uliyotoboa toboa, majani yakiziba tundu la mvuke ile kitu inalipuka.

Sisi tuko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,134, hapo ni kwenye ziwa lenyewe, kwaio maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, haina shida yoyote kwa kazi hii. Kinachosumbua ni kupoza. Maji ya ziwa hayana baridi, kwaio pipa la kupozea likikaa bila kubadilishwa maji linapata moto na mvuke wenye mafuta unatoka nje unapotea, wewe unabaki unasikia harufu nzuri mtaa mzima kumbe ndo hela yako hiyo inaondoka. Weka maji yanayoingia chini na kutokea juu muda wote. Kinachotoka bombani kiwe cha uvuguvugu tu mkononi.

Kuhusu kiasi usidanganyike, mchaichai mbichi kilo 100 unakupa gramu 200 mpaka 500 hivi za mafuta. Mafuta yanaelea juu ya maji, unayanyonya kwa bomba la sindano (ya karafuu ni tofauti, yenyewe yanazama chini). Chuja, weka kwenye chupa ya kioo ya kahawia, ijaze mpaka juu hewa isibaki, andika tarehe na shamba, weka sehemu ya baridi yenye giza. Mafuta yaliyokaa na hewa na mwanga yanaoza kikemikali na hapo ndo yanakuwa makali kwa ngozi, hata tea tree nzuri ya cheti ikizeeka inakuwa chanzo cha mzio. Chupa iliyofunguliwa mwaka mzima itumie kudekia.

Hatua ya 3: pima

Mzigo wa kwanza peleka sampuli ikapimwe kwa mashine ya GC-MS inayoonyesha ndani ya mafuta kuna nini na kwa asilimia ngapi. Ulizia ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali hapa Mwanza, au idara za kemia za vyuo vikuu. Ni gharama, ndio, ila bila hiyo karatasi hesabu yote ya hatua ya 1 unaifanya kwa kubahatisha kwenye uso wa mtu.

Kipimo cha pili ni cha bakteria. Hapa kaa na watu wa mikrobaiolojia, CUHAS (chuo kikuu cha afya) pale Bugando wana wataalamu wa bakteria na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wana kituo hapa hapa jijini. Unachowaomba ni kujua kiwango cha chini kabisa kinachozuia C. acnes asikue. Waambie mapema ni bakteria wa bila oksijeni kwasababu anahitaji chombo maalum na siku mbili tatu kwenye nyuzi 37, na waombe waweke na dawa inayojulikana pembeni kama antibayotiki ya klindamaisini ili mlinganishe. Bakteria hawa wameanza kuzizoea antibayotiki za kupaka sehemu nyingi duniani, kwaio kazi hii ina maana kubwa, sio mchezo wa mitishamba. Pia usisahau kwamba sahani ya maabara sio uso, mafuta mengi yanayoua kwenye sahani yanafeli kwenye ngozi.

Hatua ya 4: changanya jeli

Kwanini jeli na sio mafuta ya nazi? Mafuta ya nazi yanaziba vitundu kwa watu wengi wenye chunusi, unakuwa unazima moto kwa petroli. Jeli ya maji ni nyepesi, na hata wale wa Nigeria waliona misingi inayochanganyika na maji inafanya kazi vizuri zaidi.

Nunua mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01. Mwanza hatuna kisingizio, wanunuzi wa dhahabu wanatumia hizo hizo na zinauzwa mjini. Usihesabu matone, tone la chupa hii na la chupa ile havilingani, mililita moja inaweza kuwa matone 20 au ikawa 35.

Kwa gramu 100 za kuanzia, na tea tree:

maji yaliyokenekwa (distiled wota ya duka la dawa za maabara, ya kisima hapana) gramu 85
glisirini gramu 4
gundi ya zanthani gramu 1
Tween 20 gramu 7
tea tree gramu 2
kihifadhi cha fenoksiethanoli gramu 1

Safisha vyombo vyote kwa spiriti ya 70% uviache vikauke vyenyewe. Koroga gundi ndani ya glisirini mpaka iwe uji laini, ndo umimine maji kidogo kidogo ukikoroga, ukimwaga gundi kavu kwenye maji utapata mabonge mpaka uchoke. Iache nusu saa ivimbe. Pembeni changanya tea tree na Tween 20 mpaka iwe kitu kimoja, hii ndo inayofanya mafuta yakubali maji, ukiiruka mafuta yataelea juu ya jeli na mtu atachota kijiko cha mafuta matupu apake usoni, ataungua. Mimina mchanganyiko huo kwenye jeli, weka kihifadhi, koroga taratibu usiingize mapovu. Pima pH (kipimo cha uasidi) kwa karatasi, inatakiwa 5 hadi 5.5, ikiwa juu dondosha maji ya asidi ya sitriki (gramu 1 kwenye maji gramu 9) tone kwa tone.

Naanza na 2% makusudi ingawa utafiti ulitumia 5%. Ngozi ikikubali panda 3, kisha 5, hapo usimame. Ukipandisha mafuta pandisha na Tween 20, kama mara tatu na nusu yake, na punguza maji ili jumla ibaki 100. Kwa 5% hiyo Tween inakuwa nyingi na jeli inaanza kunata, sababu nyingine ya kukaa chini kama 2 au 3 inatosha.

Kuna wanaotaka kuweka alovera ya kukwangua kutoka kwenye kopo la nje. Naelewa inavutia, lakini alovera mbichi inaoza ndani ya siku chache hata na kihifadhi, na jeli yenye ukungu kwenye uso wenye vipele vilivyopasuka ni balaa.

Pia tengeneza jeli ya pili ile ile bila tea tree, maji yawe 87. Itunze, utaihitaji.

Hatua ya 5: iache ikuonyeshe tabia zake

Weka vichupa sehemu tatu, friji, mezani, na sehemu ya moto kama nyuzi 40. Kila wiki angalia rangi, harufu, kama imejitenga, na pH. Miezi mitatu ni ya kuanzia. Dereva wa daladala ataiacha jeli yako kwenye dashbodi mchana kutwa Igoma mpaka Airport, kwaio kile kichupa cha joto ndo mwalimu wako. Vifungashio viwe kioo au alumini.

Hatua ya 6: kwenye ngozi

Wewe kwanza. Paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, asubuhi na jioni, sehemu ile ile, siku saba. Ikiwasha, ikavimba au ikawa na malengelenge, osha na acha, formula irudi mezani. Mzio wa kweli unaweza kuchelewa siku kadhaa ndo maana ile ya kujaribu saa moja haitoshi. Ukipita hapo jaribu kwenye taya upande mmoja.

Ukitaka kuwapa watu wengine ili ujue kama inafanya kazi, huo tayari ni utafiti kwa binadamu na unahitaji kibali cha kamati ya maadili, hapa Mwanza ipo ya CUHAS na Bugando, na kitaifa iko NIMR. Usiogope kwenda, watakusaidia hata kupanga. Wazo lenyewe ni hili: nusu wanapata jeli ya dawa, nusu ile ya bila dawa, wao wala anayehesabu vipele wasijue nani kapewa ipi, unahesabu mwanzoni, wiki ya 4, ya 8 na ya 12, picha kwenye mwanga ule ule. Chunusi zinapanda na kushuka zenyewe, wengine ni mzunguko wa mwezi, wengine ni mitihani, kwaio bila kundi la kulinganisha kila kitu kitaonekana kimeponya. Na hesabu madoa pia sio vipele tu, kwa sisi doa ndo linalomfanya mdada ashindwe kutoka bila fandesheni. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto usiwaingize.

Hatua ya 7: kabla hujauza hata kikopo kimoja

Ukiandika kwenye lebo "inatibu chunusi" umetengeneza dawa, na dawa ni TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Ukisema ni jeli ya kutunza ngozi yenye mafuta, ni kipodozi, na vipodozi tangu 2019 viko TBS (shirika la viwango). Kama unaenda kwa njia ya tiba asili kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Nenda SIDO wakuelekeze mlango wa kuanzia maana vibali vinahitaji na eneo la uzalishaji linalokaguliwa, jikoni kwa mama haitapita. Na kama unadhani Tanzania hatuwezi, angalia hospitali ya KCMC Moshi wanavyotengeneza Kilisun, losheni ya jua ya watu wenye ualbino, inatengenezwa hapa hapa kwa jua letu na inafika mpaka kanda ya ziwa.

Kwenye lebo andika vitu vyote vilivyomo, asilimia ya mafuta, namba ya mzigo, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho, "usimeze, weka mbali na watoto" kwasababu tea tree ikimezwa ni sumu, "usipake karibu na macho", "jaribu mkononi kwanza". Na weka namba ya simu inayopokelewa, ili mtu akivimba uso saa nne usiku ampate mtu wa kumwambia aoshe kwa maji mengi na sabuni laini, aache kupaka, na macho yakianza kufunga au akishindwa kupumua akimbie hospitali na kikopo mkononi.